Mchungaji wa Skye katika Vitabu Viwili: Ushahidi na Hukumu katika Masimulizi ya Safari ya Johnson na Boswell

1. Utangulizi

Mwaka 1773 marafiki wawili walifunga safari moja, wakapita njia moja, wakalala katika nyumba zilezile na kuzungumza na watu walewale. Kisha kila mmoja akaandika kitabu chake. Samuel Johnson alichapisha A Journey to the Western Islands of Scotland mwaka 1775. James Boswell alichapisha The Journal of a Tour to the Hebrides mwaka 1785, mwenzake akiwa ameshafariki Desemba 1784. Ni nadra kwa mhakiki kupata bahati ya namna hii: tukio moja, mashahidi wawili, na maandishi mawili yanayoweza kuwekwa bega kwa bega.

Kwa muda mrefu wahakiki wamevitenga vitabu hivi kwa kauli fupi ambayo wanafunzi wetu huikariri upesi: Johnson aliandika juu ya Uskoti, Boswell akaandika juu ya Johnson. Kauli hii haikosi ukweli. Hata hivyo, ina natija moja tunayoitilia shaka. Ikikubaliwa jinsi ilivyo, msomaji anayetaka kujua hali ya visiwa vile atamwendea Johnson, na anayetaka kuchangamka kwa maneno ya mezani atamwendea Boswell. Kitabu cha kwanza kinapewa hadhi ya elimu, cha pili kinabaki burudani.

Makala haya yananuia kuupinga mgawanyo huo. Hoja yetu ni kwamba tofauti ya msingi baina ya waandishi hawa iko katika namna kila mmoja anavyoushughulikia ushahidi, kuliko katika mada walizochagua. Johnson huchukua mazungumzo akayageuza kuwa hukumu ya jumla. Boswell huyaacha mazungumzo yakiwa mazungumzo: nani alisema, alisema wapi, nani alifasiri, nani aliona haya. Tutaonyesha tofauti hii katika matukio matatu: kibanda cha mwanamke kando ya Loch Ness, suala la kodi na uhamaji, na mjadala wa mashairi ya Ossian. Tukio la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hapo mtu yuleyule, mchungaji wa kisiwa cha Skye, yu kimya katika kitabu kimoja na katika kingine anaghani.

2. Safari na mazingira yake

Johnson aliwasili Edinburgh tarehe 14 Agosti 1773, na siku nne baadaye wasafiri wakaondoka. Walipanda upande wa mashariki hadi Aberdeen na Inverness, wakakata kuelekea magharibi kwa farasi, wakavuka bahari hadi Skye na Raasay. Dhoruba iliwatupa kisiwani Coll, na kutoka huko wakaenda Mull na Iona. Walirudi Edinburgh tarehe 9 Novemba. Johnson alitimiza miaka 64 akiwa njiani, huko Dunvegan. Alikuwa Mwingereza aliyekwisha kupata sifa kwa kamusi yake ya mwaka 1755. Boswell alikuwa Mskoti, wakili wa Edinburgh, mwenye umri wa miaka 32 walipoanza safari. Pamoja nao alikuwako mtumishi wa Boswell, Joseph Ritter, mzaliwa wa Bohemia.

Ni muhimu kukumbuka kwamba nchi waliyoipitia ilikuwa imevunjwa miaka 27 kabla yao. Mwezi Aprili 1746 jeshi la serikali lilikuwa limewashinda wafuasi wa Charles Edward Stuart huko Culloden. Sheria zilizofuata ziliwanyang'anya watu wa milimani silaha, zikawapiga marufuku kuvaa mavazi yao ya asili, na zikawaondolea machifu wa koo mamlaka ya kuhukumu. Marufuku ya mavazi haikuondolewa hadi mwaka 1782. Johnson, ambaye utotoni alipewa na baba yake kitabu cha Martin Martin kuhusu visiwa hivyo, alikiri kwamba alichelewa: maisha aliyotarajia kuyaona yalikuwa yamekwisha kuharibiwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni lugha. Wenyeji wengi walizungumza Kigaeli, na hakuna hata mmoja kati ya wasafiri wetu aliyekijua. Boswell, ingawa ni Mskoti, alitoka upande wa kusini ambako lugha hiyo haikuzungumzwa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya yale wanayotusimulia imepita katika kinywa cha mkalimani. Swali la kumuuliza kila mmoja ni hili: je, anatuonyesha kwamba mkalimani yupo?

3. Kibanda cha Loch Ness

Tarehe 30 Agosti wasafiri waliteremka kwenye farasi na kuingia katika kibanda kando ya Loch Ness. Ndani walimkuta mwanamke akichemsha nyama ya mbuzi. Johnson anatumia nafasi hiyo kueleza ujenzi wa vibanda vya aina ile: mawe yaliyopangwa bila saruji, paa la nyasi na magugu, moto katikati, moshi unaotafuta njia yake. Kisha anatupa hesabu ya mali: mbuzi sitini, kuku, watoto watano, mume wa miaka themanini anayefanya kazi msituni, vijana waliokwenda Inverness kununua unga. Mwanamke anawakaribisha wageni kwa wiski. Kurasa hizi ni mfano bora wa nathari ya Johnson: kila jambo lina uzito wake, na umaskini haufanywi kichekesho.

Boswell anasimulia tukio lilelile na kuongeza jambo ambalo Johnson amelinyamazia. Johnson alitaka kujua mwanamke yule hulala wapi. Boswell akamwambia mmoja wa viongozi wa njia, naye akamwuliza mwanamke kwa Kigaeli. Mwanamke akajibu kwa sauti ya kufadhaika. Kwa maelezo ya yule kiongozi, aliogopa kwamba wageni walitaka kulala naye. Johnson alijizuia asimkere zaidi, lakini Boswell aliwasha kipande cha karatasi, akaingia kuchungulia kitanda, na baadaye wawili hao wakataniana njiani kuhusu nani kati yao angeonekana mstaarabu.

Tunapoyalinganisha masimulizi haya, hukumu ya kwanza inayotujia ni ya kimaadili, nayo inamwelemea Boswell. Yeye ndiye aliyechungulia. Yeye ndiye aliyeona hofu ya mwanamke kuwa ni kituko. Ukimya wa Johnson ni adabu. Hili tunalikubali bila kusita.

Lakini kuna hukumu ya pili, ya kiushahidi. Katika kitabu cha Johnson mwanamke huyu ni mwenyeji mkarimu ambaye hakuna kinachomtisha. Msomaji hawezi kujua kwamba wanaume wageni waliokuja kwa farasi, wakiwa na viongozi na mtumishi, walimtia hofu. Kwamba hesabu ile ya mbuzi na watoto ilipatikana katika chumba chenye wasiwasi. Boswell, kwa utovu wake wa haya, ametuachia ushahidi dhidi yake mwenyewe. Anatuonyesha swali, mkalimani, jibu na namna jibu lilivyotoka. Tunaweza kumlaumu kwa sababu ametupa silaha ya kumlaumia. Johnson hakutupa silaha yoyote, na ndiyo maana simulizi lake linapokewa kwa urahisi kama picha kamili.

4. Kodi ya Anoch na ngoma ya Armadale

Tukio la pili linahusu uhamaji wa kwenda Amerika. Huko Anoch, katika bonde la Glenmorison, wasafiri walilala katika nyumba ya wageni ya mtu aitwaye M'Queen. Huyu si yule mchungaji wa Skye tutakayemjadili baadaye, ingawa wanashiriki jina. Aliwaambia kwamba kodi ya shamba lake ilikuwa pauni tano miaka 25 iliyotangulia, na sasa ilikuwa imepandishwa hadi pauni ishirini. Angeweza kulipa kumi. Zaidi ya hapo asingeweza, naye alikuwa akikusudia kuhama.

Takwimu hizi zimo katika vitabu vyote viwili, na hilo linathibitisha kuwa mashahidi wetu walisikia jambo moja. Tofauti iko katika matumizi. Johnson anaongeza kwamba mwenyeji alikubali kuwa kuipandisha kodi kwa kiasi fulani kulikuwa halali. Baadaye katika kitabu chake anarejea suala la uhamaji kwa mjadala mrefu. Anauliza ni serikali gani inayojisifu kwa kuituliza nchi kwa kuiondolea watu. Huu ni uandishi wa kisiasa wa hali ya juu, na hatuoni kwamba Boswell aliwahi kuandika kitu kinacholingana nao kwa nguvu ya fikra.

Boswell kwa upande wake anatupa maneno ya mezani. Anaripoti kwamba watu sabini walikuwa wamekwisha kuondoka katika bonde lile. Anaripoti pia kwamba Johnson alisema angependa M'Queen awe ndiye bwana wa Glenmorison, na bwana mwenyewe ndiye aende Amerika. Katika kitabu cha Johnson hasira hii dhidi ya mwenye ardhi imepozwa ikawa mizani ya haki baina ya pande mbili. Msomaji wa Johnson peke yake atadhani kwamba mwandishi huyu, aliyesifika kwa kutetea utaratibu wa vyeo, hakuyumba kamwe. Boswell anatuonyesha kwamba aliyumba, na kwamba kilichomyumbisha ni mtu mmoja na kodi yake.

Mfano wa kitabu ambacho Johnson alimpa binti wa mwenyeji yule unaeleza jambo hili kwa udogo wake. Johnson anasema tu kwamba alimzawadia kitabu alichokuwa nacho. Boswell anakitaja: kilikuwa kitabu cha hesabu cha Cocker. Mara moja tunayaona mambo mawili: unyenyekevu wa zawadi, na haya ya mtoaji aliyeacha kuitaja.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Oktoba huko Armadale, Boswell alicheza ngoma ambayo wenyeji waliiita Amerika. Jozi moja ya wachezaji huanza kuzunguka, ikaivuta ya pili, nayo ikaivuta ya tatu, mpaka ukumbi mzima unazunguka. Boswell anaeleza kwamba ngoma hiyo iliigiza namna uhamaji unavyoambukiza mpaka ujirani mzima ukaingia majini. Papo hapo anaongeza habari aliyoipata kwa mwenyeji wa kike: meli ilipoondoka Portree mwaka uliotangulia, waliobaki pwani walijitupa chini na kung'oa nyasi kwa meno, mwaka ule wa 1773 hakuna aliyelia, kwa kuwa kila mmoja alijua atafuata.

Huu ndio ushahidi wenye thamani kubwa kuliko wote katika vitabu hivi viwili kuhusu uhamaji, nao uko katika kile kinachoitwa kitabu cha burudani. Ngoma ya Armadale ni fasihi simulizi kwa maana kamili ya neno: jamii inautafsiri msiba wake kwa miondoko ya mwili, na mwenye kuicheza hahitaji kuelezwa. Johnson hakucheza. Alijua sababu za uhamaji kuliko Boswell, lakini namna watu wenyewe walivyoufikiri hakutuandikia.

5. Mchungaji na mashairi ya Ossian

Tunafika sasa kwenye kiini cha makala haya. Kuanzia mwaka 1760 James Macpherson alikuwa amechapisha tungo za Kiingereza alizodai kuwa ni tafsiri za mashairi ya kale ya Kigaeli yaliyotungwa na Ossian. Utenzi wake mkuu, Fingal, ulikuwa umesomwa kote Ulaya. Johnson aliamini kwamba madai hayo ni ya uongo, na safari ya visiwani ilikuwa kwake nafasi ya kufanya uchunguzi.

Katika kitabu chake anatoa hukumu tatu. Kwanza, tungo za Macpherson hazikuwahi kuwako katika umbo lolote isipokuwa lile lililochapishwa. Pili, hakuna maandishi ya Kigaeli yenye umri wa miaka mia. Tatu, Kigaeli ni lugha ghafi ya watu wasiostaarabika, wenye mawazo machache ya kueleza. Katikati ya hukumu hizi anakiri kwa maneno machache kwamba huenda Macpherson alitumia majina na nyimbo zilizokuwa zikizagaa. Kisha anamleta shahidi wake. Alimwuliza mchungaji msomi sana wa Skye, aliyekuwa amejitahidi kumshawishi, kama yeye mwenyewe aliamini kwamba kazi ile ni ya kweli. Mchungaji hakujibu. Johnson anafasiri ukimya huo: alitaka mgeni adanganyike kwa ajili ya heshima ya nchi yake, lakini hakuthubutu kumdanganya waziwazi.

Tuzingatie jinsi simulizi hili lilivyojengwa. Mchungaji hana jina. Hana neno lake hata moja. Tunachopewa ni swali la Johnson, ukimya, na maana ya ukimya kwa mujibu wa Johnson. Ni hoja kali sana mahakamani, kwa kuwa shahidi wa upande wa pili ameitwa na kuonekana hana la kusema.

Katika kitabu cha Boswell mchungaji huyu ana jina: Donald M'Queen. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba, nyumbani Ulinish, Boswell alichukua nakala ya Fingal akateremka nayo sebuleni kufanya jaribio lililopendekezwa na Roderick M'Leod, kijana wa nyumba ile. Alimwomba mchungaji ataje kifungu chochote cha kitabu ambacho alikijua kwa Kigaeli. Mchungaji alionyesha kifungu kimoja, akakisoma kwa Kigaeli huku Boswell na M'Leod wakiufuata mstari wa Kiingereza. M'Leod akasema kwamba vinafanana kiasi. Mchungaji akaendelea na maelezo ya upanga wa Cuchullin, pamoja na tafsiri ya mtu mwingine. M'Leod akasema kwamba tafsiri hiyo iko karibu zaidi na asili kuliko kazi ya Macpherson. Akaghani maelezo ya farasi wa gari la Cuchullin. M'Leod akasema kwamba Kiingereza cha Macpherson hakifanani nayo hata kidogo.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Wanaume watatu, katika chumba cha wageni, wamefanya kwa dakika chache kile ambacho mjadala mzima wa London haukukifanya: wamelinganisha matini kwa matini, wakiwa na mjuzi wa tungo, mjuzi wa lugha zote mbili, na mwandishi wa kumbukumbu. Majibu yao hayakuwa ndiyo wala hapana. Sehemu inafanana, sehemu inafanana kidogo, sehemu haifanani. Johnson alipoteremka na kuelezwa, alisema kwamba hilo ndilo alilolishikilia siku zote: Macpherson alipata majina, hadithi, misemo, hata vifungu vya nyimbo za kale, akavichanganya na utungo wake mwenyewe.

Maneno haya ya mazungumzo ni sahihi kuliko kitabu chake. Kamati ya Highland Society of Scotland ilipochapisha ripoti yake mwaka 1805, ilifikia uamuzi unaokaribiana nayo, na mwaka 1952 utafiti wa Derick Thomson kuhusu vyanzo vya Kigaeli vya Macpherson ulionyesha kwa undani ni tungo gani za jadi zilizotumiwa na kwa namna gani. Kwa maneno mengine, Johnson alikuwa nayo kweli mkononi asubuhi ile. Alipokaa kuandika, kilichobaki kikubwa kilikuwa hukumu, na aliyeghani akawa aliyenyamaza.

Kuhusu maandishi, Johnson alikosea kabisa. Mkusanyo wa mashairi unaojulikana kama Kitabu cha Dekano wa Lismore uliandikwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 16. Kitabu cha ibada cha John Carswell kilichapishwa kwa Kigaeli huko Edinburgh mwaka 1567. Donald McNicol, mchungaji mwingine wa Kigaeli, alichapisha kitabu kizima cha kumjibu Johnson mwaka 1779. Wala haifai kusema kwamba Johnson aliichukia lugha hii. Mwaka 1766 alikuwa ameandika barua ya kutetea kutafsiriwa kwa Biblia kwa Kigaeli, na Agano Jipya likatoka mwaka uliofuata. Kilichomkwaza ni imani yake kwamba kumbukumbu isiyoandikwa haiwezi kubeba fasihi. Mwenye imani hiyo hawezi kumsikia mghani hata akiwa chumba kimoja naye, kwa kuwa anachosubiri ni karatasi.

6. Pingamizi mbili

Yapo mambo mawili yanayoweza kutolewa dhidi ya hoja yetu. La kwanza ni kwamba Boswell naye si shahidi msafi. Kitabu cha mwaka 1785 kilisafishwa kwa msaada wa Edmond Malone. Hati ya awali, iliyopatikana katika kasri la Malahide nchini Ireland na kuchapishwa mwaka 1936, inaonyesha kwamba mengi yalipunguzwa makali. Aidha, Boswell huficha anapotaka: ugomvi wa Johnson na baba yake Boswell huko Auchinleck anautaja tu, kisha anakataa kutupa maneno yake. Haya yote ni kweli. Lakini hata hapo Boswell anasema wazi kwamba anaficha. Msomaji anajua pengo liko wapi. Isitoshe, Johnson mwenyewe aliisoma shajara ile ikiandikwa njiani, kwa hiyo mtu mmoja angalau aliyekuwako alikuwa na nafasi ya kuikanusha.

Pingamizi la pili ni kwamba tunamwonea Johnson, ambaye aliandika maelezo makini kuliko mtu yeyote wa wakati wake juu ya udhaifu wa masimulizi ya safari. Ni yeye aliyeonya kwamba saa chache tu hutosha kuchanganya alama za jambo lililoonekana zikawa wazo moja la jumla, na kwamba wasafiri hudanganya bila kukusudia kwa kuchelewa kuandika. Ni yeye aliyetusimulia, kwa ucheshi dhidi yake mwenyewe, jinsi alivyoambiwa kwamba kila mwanamume hujishonea viatu, na kesho yake akaambiwa kwamba ushonaji ni kazi ya fundi na jozi ina bei yake. Tunalikubali pingamizi hili, na tunaliona kuwa linaitia nguvu hoja yetu. Kuhusu viatu, Johnson aliandika jibu la kwanza na la pili, akamwachia msomaji ahukumu. Kuhusu mashairi aliandika ukimya peke yake. Tunampima kwa kipimo chake mwenyewe.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kitabu kinachosifiwa kwa uzito wake si lazima kiwe ndicho chenye ushahidi bora, na kwamba wepesi wa Boswell unabeba mambo ambayo utukufu wa nathari ya Johnson umeyaacha njiani. Hatudai kwamba Boswell ni mtu mwema zaidi. Katika kibanda cha Loch Ness alikuwa na makosa zaidi. Tunadai kwamba namna yake ya kuandika inamruhusu msomaji kumkosoa, na inamruhusu mwenyeji aliyetajwa kuwa na neno lake, hata kama mwandishi hakulielewa.

Suala hili linatugusa sisi tunaofundisha fasihi simulizi katika vyuo vya Kenya. Waraka wa Oktoba 1968, ambao Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliuwasilisha Nairobi, uliitaka fasihi simulizi iwekwe katikati ya mtaala. Ilikuwa kana kwamba unamjibu Johnson. Hata hivyo kuikubali fasihi simulizi katika mtaala ni jambo moja. Kuiandika kwa uaminifu nyanjani ni jambo jingine. Tasnifu zetu zimejaa sentensi za aina hii: wazee walieleza kwamba, wenyeji wanaamini kwamba, mhojiwa mmoja hakuweza kujibu. Wazee gani? Kwa lugha gani? Nani alifasiri? Kabla ya kunyamaza aliimba nini? Mtafiti anayeandika hivyo amekwisha kuingia katika nafasi ya Johnson, hata akiwa mzaliwa wa kijiji anachokiandika.

Kuna msafiri wa tatu ambaye hatukumpa nafasi, kwa kuwa vitabu vyenyewe havikumpa. Joseph Ritter aliwahudumia mabwana hawa njia nzima, na katika kurasa zote mbili hana simulizi lake. Katika fasihi yetu tunacho kipimo cha kile kilichokosekana: katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, wa mwaka 1901, Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, anaisimulia kwa ulimi wake safari ya Urusi na Siberia. Kazi inayosubiri kufanywa ni kuvisoma vitabu vya mabwana na simulizi za wafuasi wao pamoja, kama tulivyojaribu hapa kumsoma Johnson akiwa na Boswell ubavuni, huku sikio likiwa kwa mchungaji aliyeghani kwa Kigaeli asubuhi moja ya Septemba na kuandikwa kuwa hakujibu.